Si Kufunga Tu

Liko neno dogo katika Kiswahili chetu, neno la herufi mbili, ambalo nimeanza kulichukia. Neno lenyewe ni "tu". Si kwamba halina kazi; bila hilo tungewezaje kumbembeleza mtoto kwamba amejikwaa tu, asilie? Ninalolichukia ni "tu" la jikoni, pale mwenye nyumba anaposimama mikono kiunoni mbele ya fundi aliyechuchumaa chini ya sinki na kumwuliza: "Hela yote hiyo ya nini bwana, wakati ni kufunga tu?"

Swali hilo nimelisikia likiulizwa na watu wa kila daraja, wakiwemo wasomi ambao wao wenyewe hawakai kikao cha nusu saa bila posho. Siku hizi nalisikia zaidi kwa sababu ya mashine ya kuoshea vyombo. Zamani mashine hiyo ilikuwa ya mahoteli makubwa na nyumba za mabalozi. Leo imeingia Tabata, imeingia Mbezi, imevuka maji hadi Kigamboni. Moja imenunuliwa mpya dukani, nyingine ni mtumba wa Ulaya, nyingine imefungwa ndani ya kontena na ndugu aliyeko Marekani. Mwenye nyumba hutoa pesa yake bila kusita, hulipa gari la kuibeba, huwanunulia soda vijana walioishusha. Ikifika zamu ya yule atakayeiunganisha na maji, na umeme, na njia ya maji machafu, ghafla mkono unakuwa mzito. Hapo ndipo "tu" linapojitokeza.

Mimi nasema hivi: aliyenunua mashine ya kuoshea vyombo na hajalipia ufundi wa kuifunga, bado hajanunua kitu. Ana sanduku la bati lenye mlango. Kinacholifanya sanduku hilo lioshe sahani ni maji yenye nguvu ya kutosha, umeme ulio salama, na mahali pa kumwagia uchafu, na hayo yote hayauzwi pamoja nalo. Ni kazi ya mikono ya mtu, tena mtu anayeijua nyumba hiyo, wala si ile nyumba iliyochorwa katika kijitabu cha maelekezo.

Historia ya mashine yenyewe inanisaidia. Mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, mkazi wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1886. Katika kuiunda alisaidiwa na fundi mitambo aitwaye George Butters, ambaye jina lake hulisikii mara nyingi. Yaelekea dharau kwa mafundi haikuanzia kwetu. Mwaka 1893 mashine hizo zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, na mahoteli na migahawa ikazipenda. Majumbani, la. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba nyumba za wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya kutosha kuzilisha. Mashine ilikuwa tayari, nyumba haikuwa tayari. Ilipita zaidi ya nusu karne, hadi miaka ya 1950, ndipo ikaanza kuonekana jambo la kawaida katika nyumba za Wamarekani wenye uwezo. Sisi tunataka kuiruka nusu karne hiyo kwa mchana mmoja wa Jumamosi, kwa fundi wa shilingi elfu kumi.

Chukua maji. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutegemea tangi la plastiki lililopandishwa juu ya mnara wa zege au wa vyuma, maana bomba la mtaani lina siku zake. Maji yashukayo kutoka tangini hupata nguvu kwa kimo: kila mita 10 huleta msukumo wa takriban baa moja. Tangi lililo mita tatu juu ya koki hutoa kama baa 0.3, na hapo hujaondoa kile kinachopotea katika kona na viungo vya bomba. Mashine nyingi hutaka angalau baa 0.5, baadhi hutosheka na 0.3. Maana yake, msomaji wangu, mashine ya pesa nyingi inaweza kukaa jikoni ikilalamika kwa taa nyekundu kwamba haina maji, ilhali tangi limejaa pomoni. Mwenye nyumba hufungua bomba la sinki, huona maji yanatoka, huapa kwamba ameuziwa mashine mbovu. Fundi anayejua kazi hupanda ngazi, hupima kimo kwa futi kamba, kisha husema ama mnara upandishwe ama pampu ndogo iongezwe. Kupima huko hakuonekani kwa macho. Hakuna bomba lililoongezwa, hakuna chuma kilichokatwa. Ndiyo maana hatutaki kukulipia.

Tena maji yana tabia zake. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvichumvi, na vingine maji yake ni magumu, yaani yana chokaa. Ndiyo ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika. Mashine nyingi za Ulaya zina kichujio cha kulainisha maji, kinachohitaji chumvi yake maalumu na kurekebishwa kulingana na ugumu wa maji ya mahali hapo. Nimeona watu wakimimina humo chumvi ya mezani, yenye madini joto na dawa ya kuizuia isigandamane, na kuharibu kichujio. Wengine hawamimini chochote. Glasi zikitoka na ukungu, lawama huiendea sabuni. Na hao wenye kisima cha chumvi hasa, hakuna aliyewaambia kwamba kichujio hicho huondoa chokaa, hakina uwezo juu ya chumvi ya bahari. Fundi mwenye kazi yake huyaonja maji kabla hajafungua mfuko wake, na ikibidi hutumia vile vijikaratasi vya kupimia. Nani amemlipa fundi kwa kuonja maji?

Lakini mahali ambapo "tu" limefanya madhara makubwa kuliko pote ni kwenye mpira wa kutolea maji machafu. Mpira huo unatakiwa upandishwe juu kwanza, karibu na chini ya meza ya jikoni, ndipo ushuke kuingia kwenye bomba la sinki. Mtu asiyejua huona ni upuuzi. Kwa nini maji yapandishwe ndipo yashushwe? Si yashuke tu? Basi hutoboa tundu ukutani sentimeta chache kutoka sakafuni, hupitisha mpira, na kuuacha umwage nje kwenye mfereji.

Jirani yangu mmoja alifungiwa hivyo. Mashine ikawa inajaza maji, nayo maji yanajivuta yenyewe kwa ule mpira na kutoka nje kabla hayajaosha kijiko. Inajaza tena, yanatoka tena. Jioni tangi likawa jepesi, na vyombo vina masalia ya ugali kama vilivyoingia. Akaitwa fundi mwingine, naye bila hata kuinama akasema kibao cha umeme cha ndani kimeungua, anunue kingine. Kikanunuliwa. Hali ikawa ile ile. Mwishowe alikuja mzee mmoja fundi bomba, mtu wa maneno machache, akauzungusha mpira ule juu, akaufunga kwa kamba ya plastiki isiyozidi bei ya andazi, akasema, "Jaribuni." Ikaosha. Alipotaja ujira wake, mama mwenye nyumba alicheka akasema: "Mzee wangu, kwa kufunga kamba tu?" Yule mzee hakujibu. Alikunja kitambaa chake akakitia mfukoni, akapokea alichopewa, akaondoka. Nami niliona aibu, ingawa nyumba haikuwa yangu.

Hilo la mpira kuachwa chini lina ubaya wa pili, mbaya zaidi. Pale mpira unapounganishwa kwenye sinki bila kupandishwa, sinki likiziba maji yake machafu hurudi ndani ya mashine, juu ya sahani ulizozihesabu kuwa safi. Tumeishi na kipindupindu nchini humu kiasi cha kutosha kujua maana ya maji machafu kukutana na sahani ya mtoto.

Sasa umeme, na hapa naomba nisieleweke kwamba natania. Mashine ya kuoshea vyombo hula umeme wa wati 1,800 hadi 2,400, kwa kuwa inachemsha maji yake yenyewe. Kwa umeme wetu wa volti 230, wati 2,200 ni karibu ampea 10, tena kwa muda mrefu. Fundi wa "tu" huitwa, hukuta soketi iko mbali, naye huchomeka ekstensheni ile ile nyembamba ya redio na chaja za simu, akaipitisha nyuma ya kabati mahali penye unyevu. Waya hupata moto mahali usipoonekana. Kuna atakayesema plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Ni kweli, lakini fyuzi hiyo imewekwa kuulinda waya. Haimlindi mtu. Umeme wa chini ya sehemu ya kumi ya ampea moja unaweza kumwua mtu, na fyuzi isijue kwamba lolote limetokea.

Kinachomlinda mtu ni ethi, pamoja na kile kifaa cha kwenye meni swichi kinachokata umeme mara unapovuja, ambacho kwa kawaida hukata uvujaji ukifika miliampea 30. Ni nyumba ngapi zina vyote viwili, vikiwa vinafanya kazi? Nimeingia katika nyumba ambayo soketi zina matundu matatu ya kupendeza na tundu la juu halijaunganishwa na kitu chochote. Nimeona nyingine ambayo fimbo ya ethi, ile inayozikwa ardhini nje ya ukuta, ilikwisha kukatwa na wauza chuma chakavu, na wenyewe hawana habari. Katika nyumba kama hiyo unaleta sanduku la bati, unalijaza maji, unalitia umeme wa ampea 10, unaliweka juu ya sakafu ya vigae inayodekiwa kila asubuhi na msichana asiyevaa viatu. Halafu unauliza ni kufunga tu?

Ndugu zetu walioko Marekani nao wana lao. Wanapenda kutuma mashine walizokuwa wakizitumia, na nia yao ni njema. Lakini umeme wa kule ni volti 120. Mashine ile ikichomekwa kwenye soketi ya volti 230 huungua, na kibadilisha umeme cha kuihimili ni kizito na ghali. Aidha, mashine za Marekani kwa kawaida huungwa kwenye bomba la maji ya moto, wakati nyingi za Ulaya huungwa kwenye maji baridi. Jiko letu lenye bomba moja tu (hapa "tu" limekaa mahali pake) halina cha kuipa. Fundi angeulizwa kabla ya kontena kufungwa angeyasema hayo kwa simu, kwa dakika tano. Huulizwa baada ya ushuru kulipwa.

Najua ninakotarajiwa kupigwa. Msomaji mmoja atasema: haya ni matatizo ya wenye nacho. Wengi wetu tunaosha vyombo kwa beseni mbili na majivu au sabuni ya unga. Huyu mwandishi anatupotezea muda. Namjibu kwamba haongei na mashine, anaongea na mkono. Mkono ule ule uliopitisha ekstensheni nyuma ya mashine ya tajiri ndio uliomfungia mpangaji wa chumba kimoja waya wa feni, ndio uliounganisha pampu ya kisima cha shule, ndio uliofunga hita ya kuogea katika nyumba ya wageni utakayolala safarini. Bei tunayomlipa yule mkono kwa tajiri ndiyo inayoamua kama atanunua kipima umeme cha kweli au ataendelea kupima kwa bisibisi yenye taa. Fundi asiyelipwa kwa kupima ataacha kupima, kwa tajiri na kwa maskini.

Mwingine atasema: mafundi wenyewe ndio waongo. Hapa sina ubishi mkubwa. Sitaki nionekane namtetea kila abebaye spana. Fundi wetu ana neno lake, nalo ni ndugu wa "tu": neno "naweza". Mwulize kama ameshawahi kufunga mashine ya aina hii, atajibu naweza. Mwulize kama anajua umeme na bomba vilevile, naweza. Hasomi kijitabu, ati ni cha Kijerumani, wakati michoro haina lugha. Haangalii kama mashine imekaa sawa kwa pimamaji. Haifungi kwenye meza ya jikoni kwa zile bati zilizokuja nayo, anaziacha ndani ya boksi. Siku mlango ukifunguliwa na trei ya chini ikavutwa ikiwa imejaa sufuria, mashine nzima huinama mbele kama ng'ombe anayepiga magoti, na kama kuna mtoto amekaa juu ya mlango ule, Mungu aepushe. Na wenye maduka wamo. Wanakuuzia mashine ya upana wa sentimeta 60 bila kukuuliza nafasi uliyo nayo, ilhali seremala wako wa Keko alikwisha kukutengenezea kabati lenye pengo la 58. Bati haliminywi. Itabidi mbao zikatwe, na meza ikiwa ya zege iliyobandikwa vigae, ivunjwe.

Lakini hebu tujiulize "naweza" hiyo imezaliwa na nini. Kijana aliyesema mara moja "mzee, kazi ya umeme hii aje mwenzangu, tuwe wawili" alifukuzwa akaitwa mwingine aliyekubali yote kwa nusu bei. Amejifunza. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba ukweli unamkosesha mlo.

Wala siabudu vyeti. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mojawapo ya mambo mazuri yanayofanyika huko ni kumpima fundi aliyejifunzia kazi mtaani na kumpa cheti cha kile anachokijua tayari, bila kumrudisha darasani miaka. Wafungaji wa umeme nao hutakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Njia zipo. Ila fundi atapoteza siku zake za kazi na kulipa ada ili apate karatasi hiyo kwa sababu gani, ikiwa mteja haulizi leseni, anauliza nani rahisi? Wahenga walisema rahisi ni ghali, na msemo huu tunautumia tunaponunua viatu. Kwa fundi tunausahau.

Kwa hiyo, kwa yeyote ambaye mashine yake iko njiani, ninayo madai machache, na sitayapamba. Mwite fundi aje kuangalia kabla hujanunua, na umlipe kwa kuangalia hata kama hakugusa kitu. Muulize atakachouliza yeye: asiyeuliza kimo cha tangi, wala maji yanatoka wapi, wala ethi iko wapi, mpe nauli yake arudi salama. Kama anajua bomba peke yake, mtafutie wa umeme, wala usimcheke kwa kusema hajui. Mwambie aweke koki ya kufungia mahali mkono wako unapofika, kwa sababu maji ya mtaani mara nyingi huja usiku wa manane kwa nguvu, na mpira hupasuka watu wamelala.

Na akimaliza, usimsukume nje. Mashine hizi huchukua saa mbili na zaidi kumaliza mzunguko mmoja, na uvujaji mwingine hauonekani mpaka maji yamechemka na washa za mpira zimepanuka. Fundi anayejua atataka kukaa hapo mpaka mwisho, akilala kifudifudi na tochi yake kila baada ya muda, akipapasa viungo kwa kidole kikavu. Atakayeingia jikoni atamwona amekaa juu ya ndoo hafanyi kitu. Saa mbili hizo nazo ziandikwe kwenye hesabu ya ufundi, zilipwe kwa kiwango kile kile cha saa alizokuwa ameshika spana.